Sura ya Sita: Nguo Imenikataa

Gauni lilikuwa limetandazwa kitandani tangu alfajiri. La buluu ya wino, mikono ya robo tatu, zipu ndefu ya mgongoni. Nililishonesha Magomeni mwaka 2014, nikiwa na miaka 41, na kwa kulitunza nilikuwa nimelivaa mara tano tu. Jumamosi ile anaoa mtoto wa kaka yangu. Nikalivaa, nikamwita binti yangu anifunge. Zipu ikapanda vizuri mpaka chini ya mbavu, ikagoma. Akaniambia nivute pumzi, nikavuta. Akajaribu tena, mkono mmoja ukikutanisha kitambaa na mwingine ukivuta, nikausikia uzi mmoja ukikatika. Akaacha. Hakusema kitu. Alinishika bega, akaenda jikoni kuangalia chai.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi, machozi yakanitoka. Nilikuwa nimemzika mama miaka miwili nyuma. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amehamia Dodoma kikazi, na hedhi yangu ilikuwa inakuja na kupotea inavyotaka. Yote hayo niliyabeba bila kulia, mpaka zipu ile.

Mitaani kwetu tunasema nguo imenikataa. Ni neno zito kuliko tunavyolichukulia. Mtu hukataliwa posa, hukataliwa mkopo. Tukisema nguo imenikataa, tunaipa nguo haki ya kuchagua, na mwili unabaki kama mposaji aliyerudishwa mlangoni. Nimewasikia wanawake wa rika langu wakilisema mbele ya vioo vya saluni, na sokoni Ilala wakiwa wamejipimishia suruali ya mtumba juu ya gauni. Wanalisema wakicheka, halafu kicheko kinakatika na macho yanabadilika. Sura iliyotangulia ilihusu hospitali na vipimo vyake. Hii nimeiandika kwa ajili ya macho yale.

Nianze na mwili, maana mengi tunayojilaumu kwayo si makosa yetu. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Miaka kadhaa kabla ya hapo, homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka bila mpangilio, kisha hupungua. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikipeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja. Ikipungua, mafuta huelekea tumboni. Mwanamke anaweza asiongezeke hata kilo moja kwenye mzani na bado sketi yake isifunge. Hata nyayo hubadilika: kano zinazoshikilia upinde wa unyayo hulegea kadiri miaka inavyokwenda, unyayo ukatandazika, na kiatu ulichokivaa miaka kumi kikaanza kukubana vidole.

Halafu kuna lile joto la ghafla, linaloanza kifuani likapanda shingoni mpaka usoni, nawe umekaa tu hujafanya kazi yoyote. Hebu lipate mwezi wa pili Dar es Salaam, ndani ya ukumbi uliojaa, umevaa sare ya satini ya poliesta ambayo kamati ya harusi ndiyo iliyoichagua. Pamba hunywa jasho. Poliesta huliacha juu ya ngozi. Nimemwona mwanamke akitoka ukumbini mara nne kwenda kusimama kwenye maegesho ya magari. Wenzake wa meza moja wakaanza kunong'ona kwamba ana ugomvi na ukoo wa bwana harusi. Alikuwa anatafuta upepo.

Hakuna aliyetuambia haya, na hapo ndipo penye uchungu wangu. Tulipovunja ungo hatukuachwa peke yetu. Wengi wetu tuliozaliwa pwani tulikuwa na somo, na wengine walichezwa unyago. Mwanamke mtu mzima alitukalisha chini akatufundisha jinsi ya kufunga kitambaa, jinsi ya kukaa, kipi cha kuficha na kipi cha kutoona haya. Mwili ulibadilika, na kulikuwa na mtu aliyetazama mabadiliko yale akasema: haya ndiyo yenyewe, usiogope. Miaka thelathini na kitu baadaye mwili unabadilika tena, kwa kishindo kilekile, na hakuna ngoma inayopigwa wala kungwi anayekuja. Kila mmoja anajifungia chumbani na kioo chake. Nimekuja kuamini kwamba huzuni tunayoionea haya mbele ya kabati, tukiiita upuuzi au kujipenda, ni huzuni ya mwali asiye na somo. Anavuka, na hakuna aliyemshika mkono.

Na pale ambapo kungwi hayupo, namba zimekaa kwenye kiti chake. Pekua lundo moja la mitumba. Gauni lililotengenezewa soko la Uingereza limeandikwa 14, linalolingana nalo kwa vipimo vya Marekani limeandikwa 10, na la Ulaya bara limeandikwa 42. Mwanamke mmoja, mchana mmoja, ana namba tatu. Nawajua wanawake wanaonunua makusudi namba iliyo ndogo kwao, wakaitundika kabatini kama ahadi, na kila asubuhi ahadi hiyo inawatazama.

Namba hizo zina historia, na ningependa kila mwanamke wa makamo aijue. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo zaidi ya 50, katika kazi iliyoongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941. Vipimo vya wanawake wasio wazungu havikuingizwa kwenye hesabu. Juu ya msingi huo Marekani iliweka viwango vyake vya saizi mwaka 1958, ikaviondoa mwaka 1983, na tangu hapo kila kampuni inajipangia yake. Kwa hiyo lebo ile ndogo inayokuchoma shingoni haijawahi kukujua wewe, wala mama yako, wala mwanamke yeyote wa Magomeni au Chumbageni. Ukisimama nayo mbele ya kioo ukajiona umeshindwa, umeshindwa mtihani uliotungwa kwa ajili ya watu wengine.

Bibi zetu hawakuwa na namba. Walikuwa na kanga: doti moja, vipande viwili, kila kimoja chenye urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa kama mita moja, pindo pande zote, mji katikati, na jina lake chini ya mji. Kanga haiuulizi mwili ulikuwaje mwaka jana. Inafungwa upya kila asubuhi kwenye kiuno cha asubuhi hiyo. Msichana wa miaka 16 na nyanya yake wanaweza kubadilishana kanga, na zote zikawakaa.

Na kanga yenyewe ni kumbukumbu ya watu wazima waliolazimika kuamua upya wavae nini. Ilizaliwa pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wanawake walipoanza kushona pamoja leso za kununua ili wapate kitambaa kipana. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na mpaka leo kanga zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Unguja, wanawake waliokuwa watumwa walivaa merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyokuja kwa majahazi na meli, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi nzito ya giza. Amri ya kufuta hali ya utumwa ilipotolewa mwaka 1897, mavazi yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyabadilisha. Waliiacha kaniki, wakajifunga kanga. Huwa nafikiria kwamba si wote waliokuwa wasichana. Wapo waliokuwa na miaka 45 au 50, waliovaa kaniki tangu utotoni, wakasimama mbele ya vitambaa vya rangi kwa mara ya kwanza wakijiuliza: mimi nachukua kipi? Na jirani atasemaje? Natamani sana ningejua mikono yao ilichukua muda gani kabla ya kugusa kitambaa.

Hata hivyo sitaki kuipamba kanga kupita kiasi. Haina saizi, lakini ina macho yanayoitazama. Chagua nyekundu kali ukiwa na miaka 52, utaulizwa unamvalia nani. Vaa yenye jina la kijembe, utaambiwa mtu mzima ovyo.

Neno hilo, mtu mzima ovyo, limewavisha wanawake wengi kuliko fundi yeyote. Mama yangu alikuwa na miaka 19 mwezi wa kumi mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza kampeni ya Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zingepigwa marufuku. Hata kabla ya siku hiyo kufika, vijana walishaanza kuwasumbua wanawake Kariakoo kwa sababu ya walichokivaa. Mama alikuwa na sketi mbili za kufika juu ya goti. Alizifumua, akaziongezea kipande cha kitambaa chini, na kwa maisha yake yote hakuvaa tena kitu kilichopita goti kwenda juu, hata miaka mingi baada ya watu kuisahau marufuku. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alishazoea kujiangalia kwanza kwa macho ya mtu mwingine kabla ya kutoka nje. Aliposema hivyo alikuwa na miaka 60 na kitu, anachambua mchele. Amri aliyopewa msichana wa miaka 19 ilikuwa ingali inamchagulia nguo.

Sisi hatukupewa amri. Tuna minong'ono. Mwanamke akifika makamo anatakiwa apite kwenye njia nyembamba sana: akivaa ya kubana anang'ang'ania usichana, akivaa dera kila siku amejiachia, akipaka rangi nywele anadanganya umri, akiziacha na mvi anaulizwa kama anaumwa. Wanaume nao hali hii inawapata kwa kiasi, ingawa si kwa ukali huu. Kaka yangu alistaafu serikalini akiwa na miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Kwa karibu mwaka mzima aliendelea kuamka saa kumi na moja na nusu, kupiga pasi shati la mikono mirefu, na kuchomeka kalamu mbili mfukoni, akakaa barazani. Wifi yangu hakumwambia avae kaptura. Alimletea gazeti na kumwamkia kama anavyoamkiwa mtu anayekwenda kazini, mpaka siku moja mwenyewe akatoka na msuli. Nadhani wifi alijua kwamba shati lile lilikuwa linaombolezewa.

Jumatatu baada ya harusi (niliyohudhuria kwa dera la kuazima na mtandio mzuri) nililipeleka gauni kwa fundi yuleyule aliyelishona. Nimemjua zaidi ya miaka 20. Cherehani yake ni ya miguu, imekaa mbele ya duka la vifungo, na mbao za meza yake zimechanika kwa mkasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Limekuwaje?"

"Limenikataa."

Hakunijibu. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye mshono wa ubavuni kama kipofu anayesoma kwa vidole, kutoka kwapani mpaka nyongani. Kisha akanionyesha. Ndani ya mshono, kila upande, alikuwa amekunja akiba ya kitambaa yenye upana wa vidole viwili.

"Nilikuachia," alisema. "Mwanamke akishafika arobaini simbanii kitambaa. Nguo ya mtu mzima lazima iwe na pa kwenda."

Nikabaki nimeduwaa. Miaka kumi gauni lile lilikuwa linaning'inia kabatini na ndani yake limebeba nafasi yangu. Mtu mmoja alijua nitabadilika, hakuona aibu kwa niaba yangu, akaniwekea akiba bila kunitangazia.

Aliniambia kwamba wateja wake wa umri wangu humwomba kitu kimoja: fundi, kaza, nitapungua. Naye huwajibu kwamba yeye anashonea mwili uliosimama mbele yake. Ule wa mwezi ujao ukija, uje nao upimwe. Alichukua futi, akanipima kifua, kiuno, nyonga, akaandika kwenye daftari lake bila kunisomea. Kisha akanielekeza kitu ambacho nisingekifikiria. Kitambaa cha ndani ya mshono hakijawahi kuona jua wala sabuni nyingi, kwa hiyo akifumua na kupanua, utatokea mstari wa buluu iliyokolea kila ubavu, wakati gauni lote limeshapauka kidogo. Alinipa hiari: aufunike kwa utepe, au auache.

Niliomba auache. Gauni nimelivaa mara nyingi tangu hapo kuliko miaka kumi ya kwanza. Ofisini wasichana wawili wameniuliza huo ni mshono gani, mbona wanautaka.

Si kila nguo ina akiba ndani yake, najua. Ziko ambazo inabidi ziondoke, na kuziondoa ni kazi ya moyo zaidi ya kazi ya mikono. Nilipofungua kabati langu lote mwaka juzi, nilikuta nimekuwa nikiwahifadhi watu. Suti ya kijivu ilikuwa ya mwanamke niliyetaka kuwa kazini na sikupewa nafasi hiyo. Sketi ya maua ilikuwa ya safari ya Zanzibar kabla sijapata watoto. Kanga tatu za mama bado zilikuwa na harufu ya karafuu. Ukichukua mfuko wa salfeti ukaanza kutupia humo haraka haraka, utalia usiku na hutajua kwa nini. Mimi nilichukua wiki tatu. Nilizivaa moja moja, hata zisizofunga, nikakaa nazo kidogo, nikazikunja. Suti nilimpa binti wa jirani anayeanza kazi. Kanga za mama sikumpa mtu.

Mtu aliyenifundisha kwenda taratibu hivyo ni mama mdogo wangu wa Tanga. Alifiwa na mume akiwa na miaka 58, akakaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, bila manukato, katika nguo nyeupe zisizo na pambo. Nilikwenda siku ya kutoka eda. Nyumba ilijaa wanawake. Mawifi zake wawili walikuwa wamemletea doti ya kanga ya kahawia na nyingine ya kijivu, nzuri, za heshima, kanga za mjane. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa dhati, akaziweka juu ya mto.

Kisha akaninong'oneza nimshushie sanduku la juu ya kabati. Chini kabisa, ndani ya gazeti lililogeuka manjano, kulikuwa na doti ya rangi ya chungwa iliyoiva, pindo jeusi, haijakatwa wala kupindwa. Chumba kikanyamaza.

"Niliinunua mwenyewe," alisema, akimwangalia kila mtu kwa zamu. "Mwaka ule nikaogopa rangi yake. Nikasema nitaivaa nikishakuwa mtu mzima."

Wifi mkubwa aliitazama ile kanga, akamtazama wifi yake, akasema, "Basi ikate, wifi, twende na wakati."

Mama mdogo akakaa mkekani, akaikunjua juu ya miguu, akatafuta mstari wa katikati yanapokutana mapindo mawili, akapitisha mkasi bila kusimama. Vikawa vipande viwili. Akanipa sindano nimtungie uzi wa kupindia. Nikaisogeza dirishani, nikaisogeza mbali na macho, nikajaribu mara tatu, uzi unapita pembeni. Mjukuu wake wa miaka tisa akaninyang'anya, akatunga mara moja, akakimbilia nje kucheza.

Alipinda kipande cha kwanza mpaka adhana ya alasiri, mishono midogo iliyolingana, bila miwani, kwa kupapasa. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akanyoosha mkono juu kwangu.

"Hebu sogea, mwanangu. Inua mikono."

Akakizungusha kipande kile kiunoni mwangu, juu ya gauni, akavuta ncha, akasita, akalegeza kidogo mahali tumbo lilipo, akaifunga.

"Hapo," alisema. "Sasa nipe uzi mwingine, nimalizie changu."